Miseli si kalibu: jibu kwa aliyepoteza kilele chake tanurini

*"Natengeneza silika ya mesopori (yenye vitundu vya nanomita chache) kwa ajili ya tasnifu yangu. Nayeyusha gramu 1 ya CTAB (safaktanti, yaani kemikali ya jamii ya sabuni) katika mililita 480 za maji yenye NaOH kidogo, napasha hadi nyuzi 80, kisha natia mililita 5 za TEOS (kioevu kinachozaa silika) tone kwa tone. Baada ya saa mbili nachuja, nakausha na kuchoma kwa nyuzi 550. Kabla ya kuchoma, eksirei inaonyesha kilele kizuri (alama ya mpangilio wa vitundu) karibu na 2.2°. Baada ya kuchoma, kilele kimekuwa kifupi na kipana, tena kimesogea hadi 2.6°. Nimefundishwa kwamba safaktanti hujipanga kwanza kama kalibu, halafu silika hujaza nafasi zilizobaki. Lakini mchoro wa awamu za CTAB unaonyesha kwamba mpangilio wa pembesita, ule wa masega, hautokei mpaka ifike asilimia 25 hivi kwa uzito. Mimi nina asilimia 0.2 tu! Je, kalibu yangu ni dhaifu kwa sababu CTAB ni kidogo? Niongeze mara mia?"*

Usiongeze. Nalisema hili kwanza kwa sababu najua kopo la CTAB liko mezani kwako na mkono unawasha.

Umeuliza maswali mawili ukidhani ni moja. La kwanza ni hili: mpangilio wa pembesita umetoka wapi ndani ya maji yenye CTAB kidogo namna hiyo? La pili: kwa nini mpangilio huo umeharibika tanurini? Umeyaunganisha kwa neno "kalibu", ukaona kwamba kalibu dhaifu huzaa kuta dhaifu. Ni hoja inayoeleweka, ila imejengwa juu ya picha isiyo sahihi. Kwa hiyo tuanze na hiyo picha.

Picha yenyewe kila mtu wa fani hii ameiona. Kuna viduara vyenye mikia, viduara vinakuwa vijiti, vijiti vinajipanga kama masega ya nyuki, kisha mshale, na silika inaingia kati yao. Ilienea baada ya watafiti wa kampuni ya mafuta ya Mobil kutangaza MCM-41, silika ya vitundu vya pembesita kama yako, mwaka 1992. Wengi husahau kwamba Mobil wenyewe walichora njia mbili. Katika ya kwanza kalibu ilikuwepo tayari. Katika ya pili silikati zenyewe, yaani silika yenye chaji hasi, zilishiriki kuujenga mpangilio. Njia ya kwanza ni rahisi kuchora, nadhani ndiyo maana ikabaki vichwani. Na Mobil hawakuwa peke yao: mwaka 1990 Kazuyuki Kuroda na wenzake huko Japani walikuwa wametoa silika ya mesopori kutoka kanemiti, ambayo ni silikati ya tabaka, kwa kuichanganya na safaktanti za jamii hiyohiyo. Kuna hata hataza ya Marekani ya mwaka 1971 ya kutengeneza silika nyepesi. Maelekezo yake yaliporudiwa mwaka 1997, ikaonekana kwamba yanatoa kitu kilekile kama MCM-41. Waliotangulia walitaka unga mwepesi, wakaupata, na ndani yake mlikuwa na masega ambayo hakuna aliyeyatafuta.

Sasa tuangalie hesabu yako, maana iko sawa kabisa. Gramu 1 ya CTAB katika mililita 480 ni kama milimoli 5.7 kwa lita. CTAB huanza kujikusanya kuwa miseli inapofika karibu milimoli 1 kwa lita katika joto la kawaida, kwa hiyo miseli unazo. Lakini ni miseli za aina gani? Ni vidonge vya mviringo, kila kimoja kikiwa na molekuli 90 hivi, mikia ikiwa ndani na vichwa vyenye chaji chanya vikitazama maji. Mkia wa kaboni 16 ukinyooshwa kabisa una urefu wa nanomita 2.2 hivi. Vidonge hivyo vinaelea mbalimbali na vinasukumana kwa chaji zao. Vijiti havipo, masega hayapo. Ungechota maji hayo kabla ya kutia TEOS na kuyapiga eksirei, usingekiona kilele chako popote. Kalibu haikuwepo, na bado ukapata bidhaa yenye mpangilio. Aliyeleta mpangilio ni nani, basi?

Rudi kwenye chupa yako uangalie kwa makini zaidi. Tone la TEOS likidondoka halizami. Ni jepesi kuliko maji na halichanganyiki nayo, kwa hiyo linakaa juu kama mafuta mpaka kikorogeo kilivunjevunje. Kwa dakika kadhaa mchanganyiko unabaki angavu, na ni rahisi kudhani hakuna kinachoendelea. Kumbe besi inakata TEOS, ethanoli inatoka, na asidi ya silika inabaki. Asidi hiyo huanza kupoteza protoni karibu na pH 9.8. Ya kwako iko karibu na 12, kwa hiyo silika inakuwa ioni zenye chaji hasi pale pale inapozaliwa. Ioni hizo zinaungana mbili mbili, nne nne, hadi vijisanduku vya atomi nane za silikoni. Halafu, karibu kwa ghafla, maji yanageuka maziwa. Mpangilio wako unazaliwa wakati huo.

Kinachofanyika ni kubadilishana. Kila kichwa cha CTAB kilikuwa na bromaidi yake pembeni: chaji moja kwa chaji moja, tena kwa kushikana kilegelege. Sasa anaingia mgeni mwenye mikono mingi. Kijisanduku cha silikoni nane kinaweza kubeba chaji hasi hadi nane, kwa hiyo kimoja kinashika vichwa kadhaa kwa pamoja na kuzitoa bromaidi kadhaa ziende zao majini. Ioni nyingi ndogo zinapata uhuru, moja kubwa inatulia, na kwa hesabu ya entropi biashara hiyo ina faida. Na mgeni huyu hakai kwenye miseli moja tu. Mkono mmoja unashika huku, mwingine unashika miseli ya jirani. Miseli zilizokuwa zikisukumana sasa zina kitu cha kuzifunga pamoja. Chaji zinazimana, maji yanasukumwa nje, na mchanganyiko unajitenga kuwa sehemu mbili: maji karibu matupu, na vipande vidogo vizito vyenye safaktanti na silikati kwa wingi. Ndani ya vipande hivyo safaktanti si asilimia 0.2 tena. Mchoro wa awamu uliousoma ni wa CTAB na maji peke yake. Silikati ikiingia, huo ni mchoro mwingine.

Kwa nini basi zitoke pembesita, wala si tabaka au viduara? Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Umbo la mkusanyiko wa safaktanti hutegemea uwiano wa ujazo wa mkia na nafasi ambayo kichwa kinadai usoni. Gawanya ujazo wa mkia kwa zao la urefu wake na eneo la kichwa. Ukipata chini ya theluthi moja ni viduara, kati ya theluthi na nusu ni vijiti, na karibu na moja ni tabaka bapa. Kichwa cha CTAB hakibadiliki, ila eneo kinachodai hubadilika kulingana na jirani yake. Silikati changa zina chaji nyingi kwa kila eneo, kwa hiyo zinavuta vichwa vikaribiane sana, eneo linapungua, na umbo linaelekea tabaka. Silika ikiendelea kuungana inapoteza chaji. Chaji chache kwenye eneo lilelile maana yake vichwa vinaachana, eneo linaongezeka, na uso bapa unalazimika kujikunja mpaka unakuwa vijiti. Kundi la Galen Stucky huko Santa Barbara lilieleza mgeuko huo mwaka 1993: tabaka zikitokea mwanzo, kisha zikigeuka pembesita silika ilipoendelea kukomaa. Kwa maneno mengine, ukuta ndio unaoamua umbo la nguzo, kama vile nguzo inavyoamua umbo la ukuta.

Mwaka 1995 kundi hilo likafanya jaribio ambalo mimi hulitumia kila mtu anaponiletea picha ya kalibu. Walichukua silikati katika besi kali, hali ambayo silika haiwezi kuungana na kugumu, wakaichanganya na safaktanti iliyozimuliwa kwa maji mengi. Mpangilio ulitokea hata hivyo, bila ukuta mgumu hata mmoja: fuwele ya kioevu ya silikati na safaktanti ambayo ungeweza kuibadilisha umbo na kuirudisha. Kwa hiyo kujipanga ni hatua moja na kugumu ni nyingine. Shika tofauti hiyo, maana tatizo lako la tanuri limekaa hapohapo.

Nisikudanganye kwamba wataalamu wote wanakubaliana juu ya kila hatua. Wapo walioona kwamba silika huvika vijiti kwanza, na vijiti vilivyovikwa ndivyo hujikusanya. Wapo waliopima kwa fluoresensi (mwanga unaotolewa na molekuli) wakaona kwamba mwanzoni silikati hazigusi miseli kwa kiasi cha maana, bali minyororo ya silika hukua majini na kuzikusanya molekuli za safaktanti. Mimi naona kila mmoja alipima chupa yake. Ukibadilisha pH, joto na kasi ya kutia TEOS, hatua inayotangulia hubadilika pia. Ninalokataa ni lile la masega yaliyotulia yakisubiri kujazwa, katika maji yenye asilimia 0.2.

Njia hiyo ya kalibu halisi ipo, ila si ya kwako. George Attard na wenzake waliionyesha mwaka 1995. Walitumia safaktanti isiyo na chaji kwa wingi, karibu nusu ya uzito, fuwele ya kioevu ikawepo kweli kabla ya silika. Hata hapo kulikuwa na mtego, maana pombe inayotoka wakati silika inazaliwa huivunja fuwele, na ikabidi waivute kwa pampu ili mpangilio urudi.

Hesabu sasa ungepata nini ukiongeza CTAB mara mia. Kwa sasa una milimoli 2.7 za CTAB kwa milimoli 22 hivi za silikoni, yaani uwiano wa 0.12. Mobil wenyewe waliupima uwiano huo: chini ya 1 walipata pembesita, ulipozidi 1 wakapata umbo la kyubiki, ukipanda zaidi tabaka, na ulipofika karibu 2 silika ilibaki vijisanduku vya silikoni nane vilivyofungamana na safaktanti, bila ukuta wowote. Wewe ungekuwa na 12. Na hata ungebahatika kupata tabaka, tabaka likichomwa hulala chini, kwa sababu kilichokuwa kinazitenga kurasa zake ni safaktanti yenyewe. Ungetumia gramu mia moja za CTAB kutengeneza kitu kinachoanguka tanurini kwa uhakika kuliko hiki.

Haya, twende tanurini.

Kilele cha 2.2° maana yake safu zako zilikuwa na nafasi ya nanomita 4.0, na umbali kutoka katikati ya kitundu hadi katikati ya kinachofuata ulikuwa 4.6. Kilele cha 2.6° ni nanomita 3.4, umbali huo ukishuka hadi 3.9. Umepoteza asilimia 15 ya upana. Kusinyaa kidogo ni kawaida, maana silika mbichi ina vikundi vingi vya silanoli (silikoni yenye haidroksili) ambavyo huungana joto linapopanda, maji yakitoka na ukuta ukijikaza. Asilimia 15 inaniambia kwamba ukuta ulikuwa bado mbichi mno. Halafu kuna dalili ya pili ambayo naona hukuipa uzito: kilele kimekuwa *kifupi*. Katika sampuli nzuri kilele hurefuka baada ya kuchoma, kwa sababu tofauti kati ya ukuta na kitundu kilicho tupu ni kubwa kuliko kati ya ukuta na kitundu kilichojaa mafuta. Kikifupika na kupanuka kwa pamoja, sehemu ya masega imevunjika.

Kujipanga ulifaulu, basi, ila hukusubiri kugumu. Kwa pH ya 12 silika haina haraka. Chaji hasi zinasukumana, na viungo vinavyofungwa vinafunguka tena. Njia ninayoiamini zaidi ni kushusha pH polepole baada ya mashapo kutokea. Ryong Ryoo na mwenzake huko Korea Kusini walionyesha mwaka 1995 kwamba ukipasha mchanganyiko karibu na nyuzi 100 na kurudisha pH hadi 11 hivi kwa asidi ya asetiki, tena na tena kwa siku kadhaa, masega hutoka imara zaidi na vilele vinakuwa vikali. Sababu yake utaiona mwenyewe: kila silika inapoungana inarudisha haidroksidi majini, pH inapanda, na kuungana kunazorota. Asidi inaondoa kizuizi hicho. Nakutahadharisha tu kwamba ukishusha pH kwa pupa utazalisha silika ovyo nje ya masega, na chembe zako ndogo zinaweza kushikana. Kama unahitaji chembe za ukubwa mmoja, pima gharama hiyo kwanza.

Njia nyepesi zaidi ni kuyaacha mashapo ndani ya maji yake mama, yaani yaleyale yalimotokea, katika chombo kilichofungwa, nyuzi 100, usiku kucha au siku nzima, kabla ya kuchuja. Mimi ningeanza hapo, kwa sababu hubadilishi kitu kingine chochote na utajua kama tatizo lilikuwa ukomavu. Suuza hadi maji yanayotoka yasiwe ya besi tena. Sodiamu ikibaki kwenye unga hulainisha silika tanurini.

Hukusema tanuri lako linapanda kwa kasi gani. Nyuzi 1 kwa dakika ndiyo desturi. Niliwahi kuweka nyuzi 10 kwa dakika kwa sababu mtu alikuwa anasubiri zamu, nikatoa unga wa kijivu kama majivu ya sigara, na masega yamekwisha. CTAB huanza kuvunjika kabla ya nyuzi 300, ikitoa trimethilamini pamoja na mafuta ya kaboni 16. Ikitoka yote kwa mkupuo ndani ya vitundu vyenye upana wa nanomita 3, presha na joto la kuungua huwa ndani ya ukuta wenyewe. Ukisikia harufu ya samaki aliyeoza karibu na tanuri ni hiyo trimethilamini, na kuisikia ni ushahidi kwamba hewa ya chumba haivutwi ipasavyo.

Unaweza pia kukwepa tanuri kabisa. Ethanoli yenye asidi kidogo ya haidrokloriki, ikichemshwa na unga kwa saa kadhaa, hung'oa sehemu kubwa ya CTAB: protoni inachukua nafasi ya kichwa chenye chaji chanya. Kusinyaa kunakuwa kudogo sana. Ila ukuta unabaki mbichi, na mabaki ya safaktanti huwa yapo. Kama kazi yako ni kubandika vikundi vya kikaboni kwenye vitundu, hii ni bora kuliko kuchoma. Kama unataka kichocheo cha kufanya kazi kwenye joto kali, utakutana na tanuri tu baadaye.

Mtu anaweza kukushauri uhamie safaktanti iitwayo P123 na silika inayotokana nayo, SBA-15, ile ya Zhao Dongyuan na wenzake ya mwaka 1998. Kuta zake ni nene, nanomita 3 hadi 6, na huvumilia joto na mvuke zaidi. Lakini usidhani ni mapishi yaleyale na sabuni tofauti. P123 haina chaji. Inafanya kazi katika asidi kali, pH chini ya 1, ambako silika yenyewe ina chaji chanya kidogo kwa kuwa imeshuka chini ya pH 2, pale chaji yake inapokuwa sifuri. Kloridi hukaa katikati kama mshenga, na haidrojeni hufunga ukuta na minyororo ya poliethilini oksaidi. Minyororo hiyo huingia ndani ya ukuta, ndiyo maana ukichoma unapata vitundu vidogo zaidi ndani ya kuta zenyewe. Kwa kazi fulani hivyo ni faida, kwa nyingine ni kero. Usihame kwa sababu ya kilele kimoja kilichofupika.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaona kwa maandishi. Kabla hujabadilisha mapishi, nenda na unga wako, uliochomwa na usiochomwa, kwa mtu anayeendesha mashine ya kufyonza naitrojeni na umwombe akae nawe kusoma mchoro. Kwa vitundu vya CTAB panapaswa kuwa na mpando mkali presha linganifu (presha ya naitrojeni ikigawanywa kwa ile inayoigeuza kioevu) ikiwa kati ya 0.3 na 0.4. Ukiwa umelazwa kama mteremko, vitundu vyako si vya ukubwa mmoja tena. Mwambie asikupe ukubwa wa vitundu kwa njia ya BJH (hesabu ya kawaida inayotumia mchoro huo) peke yake, maana kwa vitundu vya kiasi hiki hupunguza karibu nanomita 1. Mwulize pia anayeendesha eksirei kama mpasuo wa mwale ulibadilishwa kati ya vipimo vyako viwili na kama unga ulijaza kishikizo sawasawa. Kwa pembe ndogo hivi, hayo mawili yanatosha kukifupisha kilele cha sampuli nzima kabisa, ingawa hayawezi kukisogeza hadi 2.6°. Na kama tanuri lenu halina bomba la kuvuta hewa, ongea na msimamizi wa maabara kabla ya kuchoma tena. Mvuke wa TEOS nao huwasha macho na koo, kwa hiyo mililita 5 hizo zipimie ndani ya kabati la moshi.

Unga uliochomwa tayari uweke kwenye chombo kikavu kilichofungwa, kwa sababu unyevu wa hewa huendelea kuzikata kuta hizo mwezi hadi mwezi. Ule usiochomwa usiutupe. Mpangilio wake bado ni mzima, na ukiurudisha kwenye maji yenye pH ya 10 au 11 kwa nyuzi 100 usiku kucha, unaweza kuukomaza bila kuanza upya.